Kengele ya muziki ya kujitengenezea: uliza kwanza inakula nini ikiwa imenyamaza

Ndugu, umeuliza ununue vifaa gani ili uwatengenezee wazazi wako kule Kahawa West kengele ya muziki, kitufe kikae getini na sauti itokee sebuleni. Umesema muuzaji wa Luthuli Avenue, Nairobi, amekupangia chipu ya wimbo ya UM66, chipu ya kukuza sauti ya LM386, spika ndogo na betri ya mraba ya volti 9, na wewe umebaki na swali la kapasita tu. Hivyo vitu vitalia, sina shaka. Ila kabla hujatoa pesa naomba unisikilize, maana miaka minne iliyopita nilinunua hivyo hivyo, na kengele yangu ya kwanza haikumaliza wiki.

Nilikuwa nimemtengenezea mama, anakaa Umoja. Niliifunga Jumapili mchana, ikaimba vizuri, hata watoto wa jirani wakaja kuibonyeza kwa zamu. Jumamosi iliyofuata nikafika na mvua ya Aprili. Nikabonyeza, kimya. Nikabonyeza tena, kimya. Ndani redio inasikika, mama yuko jikoni, nami nimesimama getini na unga na mboga mikononi, nimelowa hadi viatuni. Nilipofungua kisanduku na kupima betri, mita ilisoma volti 5 na ushei. Kwa siku zote hizo kengele ilikuwa imelia labda mara thelathini, tena sekunde chache kila mara.

Betri haikuliwa na muziki. Ililiwa na ukimya. LM386 hunywa karibu miliampea 4 muda wote ikiwa na umeme, hata kama hakuna sauti inayopita ndani yake. Mimi niliweka kitufe kwenye UM66 peke yake na nikaiacha LM386 imeunganishwa na betri usiku na mchana. Betri ya mraba ya alkali ina takriban miliampea-saa 500. Gawanya 500 kwa 4 upate saa 125, yaani siku tano na saa tano. Ukianza Jumapili mchana, Ijumaa jioni umemaliza. Ni hesabu ya dakika moja, ningeweza kuifanya nikiwa bado pale kaunta.

Tangu siku hiyo nachagua vifaa vya kengele kwa swali moja. Fikiria nyumba inayopata wageni kumi kwa siku, kila mmoja akaliza wimbo wa sekunde kumi. Jumla haifiki dakika mbili. Saa 23 na dakika 58 zilizobaki kengele iko kimya, inasubiri. Kwa hiyo kila kifaa kinachowekwa mkononi mwako, kabla ya kuuliza kinalia vipi, uliza kinakula nini kikiwa kimenyamaza.

Tuchukue sasa vile ulivyopangiwa. UM66 ni chipu nzuri kwa anayeanza. Inafanana na transista, ina miguu mitatu tu, na wimbo wake umechomwa ndani kiwandani. Tarakimu zinazofuata herufi T kwenye jina lake ndizo zinazotofautisha wimbo mmoja na mwingine, na huwezi kuubadilisha ukishanunua. Kwa hiyo isikilize dukani. Mimi huenda Luthuli na betri mbili za AA kwenye kishikio chake, kibaza kidogo cha piezo (kile chembamba kama sahani), na nyaya tatu zenye klipu. Geuza uso bapa wa chipu ukutazame, miguu ikielekea chini: mguu wa kushoto hutoa sauti, wa katikati ni chanya, wa kulia ni hasi. Kibaza kati ya mguu wa kushoto na hasi, volti 3 juu yake, wimbo unaanza. Ukisikia mkwaruzo au kimya, rudisha hapo hapo. Wauzaji wengi hawana neno na mtu anayepima, na ukishavuka barabara kurudi na kitu cha bei ndogo hivyo ni taabu.

Lakini UM66 ni ya volti 3 hivi. Ukiipa volti 9 unaiua. Muuzaji atakuuzia diodi ya zena ya volti 3.3 na rezista ya omu 470 ili kushusha volti, na hapo ndipo mtego wa pili ulipo: 9 toa 3.3, gawanya kwa 470, unapata miliampea 12. Ukiiweka zena mahali inapopata umeme muda wote, itamaliza ile betri ya mraba chini ya siku mbili, kengele ikiwa haijabonyezwa hata mara moja.

Utasema, basi kitufe kikate umeme wa kila kitu. Ni kweli, na ukimya hapo unakuwa haugharimu chochote. Shida ni mgeni. Mgeni hubonyeza nusu sekunde akaachia, na wimbo unakatika kwenye nota ya pili. Watu wengi hukimbilia 555, chipu ya kupima muda, ili kushikilia umeme kwa sekunde kadhaa. Ni chipu ya mwaka 1972 na bado inapatikana kila duka, na hesabu yake ni rahisi: 1.1 mara rezista mara kapasita. Kilo-omu 100 na mikrofaradi 100 zinakupa sekunde 11. Ila NE555 ya kawaida nayo inakunywa miliampea 3 hivi ikisubiri. Iko aina ya CMOS, 7555, inayokula sehemu ndogo sana ya hiyo, chini ya robo ya miliampea. Ukiamua kwenda njia hiyo, taja 7555 kwa jina, na usikubali kuambiwa ni kitu kimoja.

Mimi nakushauri njia nyepesi zaidi. Ongeza kifaa kimoja tu kwenye orodha yako: MOSFET ndogo ya 2N7000, yaani transista inayofanya kazi kama swichi. Achana na betri ya mraba, chukua betri nne za AA, zikupe volti 6. Chanya ya betri iende moja kwa moja kwenye LM386, na kwenye rezista ya omu 270 inayolisha zena na UM66. Hasi ya saketi nzima isiende kwenye betri, ipite kwanza kwenye 2N7000. Kwenye mguu wa lango wa MOSFET weka kapasita ya mikrofaradi 10 na rezista ya mega-omu 1, vyote viwili vikishuka hadi hasi ya betri yenyewe. Kitufe cha getini kilete chanya kwenye lango hilo kupitia rezista ya kilo-omu 1. Mgeni akibonyeza, kapasita inajaa papo hapo na MOSFET inafungua njia. Akiachia, kapasita inajimwaga polepole kupitia ile mega-omu, na kama sekunde 11 baadaye njia inafunga. Lango la MOSFET halinywi umeme, kwa hiyo ukimya unarudi kuwa ukimya wa kweli. Mwishoni wimbo hulegea kidogo, kama kaseti iliyochokewa na betri. Mama yangu aliupenda mlegeo huo, akasema unafanana na mtu anayekaa chini.

Swali lako la kapasita. Kwa LM386 utahitaji ya mikrofaradi 220 kati ya mguu wa 5 na spika, na upande chanya uangalie chipu. Mguu huo huo wa 5 ushushie rezista ya omu 10 na kapasita ya nanofaradi 47 zikifuatana hadi hasi. Usiache hizi mbili eti ni ndogo, kwa sababu bila hizo chipu inaweza kuanza kutetemeka yenyewe kwa masafa usiyoyasikia, ikachemka na kuharibu sauti. Miguu ya 1 na 8 iache wazi. Utaona michoro mingi inaweka mikrofaradi 10 hapo ili kupandisha ukuzaji kutoka mara 20 hadi mara 200, lakini sauti ya UM66 tayari ni kubwa, hata hiyo mara 20 inazidi. Weka kirekebisha sauti cha kilo-omu 10 kwenye mlango wa kuingilia, mguu wa 3, na unganisha mguu wa 2 na hasi. Karibu kabisa na mguu wa 6 weka nanofaradi 100 na mikrofaradi 220 nyingine. Zote za elektroliti, yaani zile za mkebe zenye upande chanya na hasi, ziwe za volti 16 au zaidi. Volti 25 si kosa, ni nene kidogo tu. Usinunue zilizong'olewa kwenye redio za zamani. Kapasita ya elektroliti hukauka kwa miaka, na ukiikuta kichwa kimevimba jua imekwisha.

Sasa niseme jambo ambalo sikuliona kwenye swali lako, na ndilo lililonigusa zaidi. Umri wa wazazi wako ni upi? Kengele yangu ya pili niliijenga kwa kibaza cha piezo kwa sababu kinakula kidogo sana. Mimi nikiwa chumba cha pili nilikuwa nakisikia hadi masikio yanauma. Mama, akiwa ameketi mita tatu tu kutoka hapo, akaniuliza, "Umeshaiwasha?" Nilinyamaza kidogo. Vibaza hivi vina nguvu kati ya hezi 2,000 na 4,000, na sikio la mtu mzima likianza kuchoka hupoteza kwanza sauti za juu. Hakuwa kiziwi, tulikuwa tunazungumza kawaida kabisa. Ni kwamba nilikuwa nimemtengenezea kengele inayolia mahali ambapo sikio lake halifiki tena.

Kwa hiyo kwa wazee chukua spika ya kweli, omu 8, upana wa inchi 3, si ile ya ukubwa wa sarafu. Na usiiache uchi. Jaribu hivi: ishike mkononi ikiwa inalia, kisha ibandike kwenye tundu la kisanduku cha mbao au mkebe uliofungwa nyuma. Utaisikia sauti ikinenepa palepale. Spika ikiwa wazi, hewa inayosukumwa mbele inazunguka ukingoni kukutana na ile inayovutwa nyuma, na sauti nzito zinauana. Mimi nilitumia kisanduku cha mbao cha majani ya chai, nikatoboa tundu la spika kwa msumeno wa waya, nikaziba nyufa kwa gundi ya mbao. Kazi hiyo ya nusu saa iliongeza sauti kuliko kubadilisha chipu yoyote.

UM66 yenyewe inaimba juu kidogo, ingawa kwenye spika ya namna hii wazee wengi wataisikia. Ukitaka uhuru wa kuchagua nota, au wimbo wenu wenyewe, ndipo unaingia kwenye ATtiny85, chipu ndogo unayoiandikia programu mwenyewe. Ndiyo niliyoifunga kwa mama na inafanya kazi hadi leo. Ina miguu minane, inafanya kazi kuanzia volti 2.7 hadi 5.5, na ikilazwa usingizi mzito hula chini ya mikroampea chache, kiasi ambacho betri yenyewe hupoteza zaidi ikikaa kabatini. Kitufe ndicho kinachoiamsha. Programu unaiingiza kwa kutumia Arduino Uno, ubao wa kujifunzia programu, wa kuazima, siku moja tu, halafu unamrudishia mwenyewe. Usifunge Arduino Uno nzima kama kengele ya betri. Ubao wake una taa na virekebisha volti vinavyokula makumi ya miliampea bila kazi.

Kwa mama nilichagua nota tatu za chini, hezi 392, 330 na 262, yaani sol, mi, do, kisha zinapanda kurudi. Ni fupi, lakini anazijua kama anavyojua hatua za watoto wake.

ATtiny haiwezi kusukuma spika ya omu 8 peke yake, inahitaji transista. Hapa wengi huchukua BC547 kwa sababu iko kila mahali, na BC547 mwisho wake ni miliampea 100. Chukua S8050, inayostahimili nusu ampea. Kwa betri ya volti 4 hivi, kama seli nitakayoitaja chini, ukiweka rezista ya omu 10 mfululizo na spika, jumla ni omu 18 na mkondo haupiti miliampea 220 hivi. Rezista hiyo iwe ya nusu wati. Ile ya robo wati itafanya kazi ukingoni mwa uwezo wake, na mtoto akishikilia kitufe utasikia harufu. Kwenye kitako cha transista, mguu unaoiamuru, weka kilo-omu 1, na sambamba na spika diodi ya 1N4007, mstari wake ukielekea chanya.

Na tafadhali usiamini mpangilio wa miguu kwa kukumbuka. BC547 ukiitazama usoni ni kolekta, kitako, emita kutoka kushoto. S8050 ni emita, kitako, kolekta. 2N2222 za plastiki ndizo mbaya zaidi, kuna zinazokuja hivi na nyingine kinyume, zote kwenye duka moja. Multimita nyingi za bei nafuu zina tundu la kupima transista. Itumie, ni sekunde tano.

Kuna pia moduli ya DFPlayer Mini, na najua mtu atakuja kuitaja hapa. Inacheza faili za MP3 kutoka kadi ndogo ya kumbukumbu isiyozidi GB 32, na ina kikuza sauti chake ndani. Ukitaka sauti ya mjukuu ikisema "Cucu, kuna mgeni", hakuna njia nyingine ya bei hiyo. Nimeitumia kwa dada yangu. Kadi ifomatiwe kwa FAT32, faili ziitwe 0001.mp3, 0002.mp3, ndani ya folda iitwayo mp3. Spika yake haitakiwi kuguswa na hasi upande wowote, nyaya zote mbili ziende kwenye miguu yake miwili ya spika. Ukiiunganisha na Arduino ya volti 5, weka kilo-omu 1 kwenye waya wa RX, ule wa kupokea amri, bila hiyo utasikia kelele za chini chini. Lakini ikisubiri inakula karibu miliampea 20. Kwa betri ni siku chache tu. Kwa dada yangu inakaa kwenye adapta ya simu, basi.

Hilo linanileta kwenye umeme. Adapta ya simu ya volti 5 ni sawa kabisa, ila za bei ya chini zina mvumo unaopita hadi kwenye spika, kwa hiyo ongeza mikrofaradi 1000 pale umeme unapoingia. Stima ikipotea, kengele nayo imepotea, na mitaa yetu tunaijua. Nilijaribu kuweka pawabenki katikati ili ishikilie wakati wa giza. Haifai. Pawabenki nyingi hujizima zikiona mzigo ni mdogo, na kengele iliyonyamaza ni mzigo mdogo kuliko wote. Kinachofaa ni seli moja ya lithiamu ya 18650 na moduli ya kuchajia ya TP4056, ile yenye ulinzi, inayotambulika kwa kuwa na matundu ya OUT kando ya matundu ya betri. Seli iliyoandikwa miliampea-saa 9900 inakudanganya. Nzuri huwa kati ya 2000 na 3500. Kwa ATtiny inayolala, mimi humchajia mama seli yake nikikumbuka, na sijawahi kuikuta chini ya volti 3.7.

Jambo moja nitalisema kwa nguvu. Usipeleke stima ya volti 240 getini. Usitumie zile kengele za ukutani ambazo kitufe chake kinakata waya wa moto, na usitumie ule mchoro unaoshusha volti kwa kapasita bila transfoma. Mageti yetu ni ya chuma, ardhi chini yake inalowa Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba, na anayegusa kitufe mara nyingi ni mtoto aliyetumwa. Waya wa kengele ubebe volti za betri tu.

Waya wenyewe. Chipu na spika zikae ndani, getini kiende kitufe peke yake. Waya wa kitufe hata ukiwa na omu 5 hakuna kinachoharibika, lakini waya wa spika ya omu 8 wenye omu 5 umekula zaidi ya theluthi moja ya sauti yako njiani. Kebo ya mtandao ya Cat5e inafaa sana, jozi moja tu inatosha, na tatu zinabaki za akiba. Kabla ya kukatiwa mita zako, kwangua ncha ya uzi mmoja kwa wembe. Ikibaki nyekundu hadi ndani ni shaba. Ikigeuka nyeupe ni alumini iliyopakwa shaba, hukatika ukiikunja mara chache na hukataa risasi unapolehemu. Muuzaji anajua tofauti, ukikwangua mbele yake atakuletea nyingine.

Halafu kuna usiku mmoja ambao sitausahau. Saa tisa usiku mama alinipigia simu akinong'ona, kengele imelia na getini hakuna mtu. Kesho yake tena, saa nane. Mtu mzima anayeishi peke yake, Nairobi, kengele inalia usiku wa manane, elewa alivyokuwa. Nililala kwake siku mbili nikisikiliza. Usiku wa pili nikasikia pampu ya maji ya jirani ikiwaka, na papo hapo kengele ikaimba. Waya wangu nilikuwa nimeupitisha mita kumi na mbili sambamba na waya wa stima, na nilikuwa nategemea rezista ya ndani ya ATtiny ishikilie waya wa kitufe kwenye chanya, nayo ni kati ya kilo-omu 20 na 50. Hiyo ni dhaifu mno kwa waya mrefu. Msukosuko mdogo wa pampu ulitosha kuonekana kama kidole.

Nilifanya mambo matatu. Niliweka rezista ya nje ya kilo-omu 1 kutoka chanya hadi kwenye waya wa kitufe. Kati ya waya huo na mguu wa chipu nikaweka kilo-omu 10, na mguuni penyewe mikrofaradi 1 hadi hasi, hivyo mshtuko wowote mfupi kuliko milisekunde 10 hivi unamezwa. Na kwenye programu nikaamuru kwamba baada ya kuamka, chipu isubiri milisekunde 50 kisha itazame tena kama kitufe bado kimebonyezwa, kama sivyo irudi kulala. Vifaa vitatu ambavyo bei yake haifiki nauli ya matatu. Sasa ni zaidi ya miaka mitatu, na haijalia bila mtu. Ukitumia ule mpango wangu wa MOSFET, kapasita ya mikrofaradi 10 pale langoni inafanya kazi hiyo hiyo bila wewe kuongeza kitu, na ndiyo sababu nyingine ninayoupendelea kwa anayeanza. Hata hivyo, waya wako usilale sambamba na wa stima. Kama lazima nyaya hizo zikutane, zipishane kwa kukatizana.

Kitufe chenyewe usikidharau. Kitufe cha ndani ya nyumba kikiwekwa getini kinashika kutu msimu mmoja. Tafuta cha chuma kisichoshika kutu chenye mpira ndani, au kifunike kwa kipande cha bomba la PVC kilichokatwa kama paa. Waya uingie kwenye kisanduku kutoka chini, na kabla ya kuingia ushuke kidogo kisha upande, ili maji yanayotambaa juu ya waya yadondoke pale penye mkunjo badala ya kuingia ndani. Tundu la waya lizibe kwa silikoni. Nimewahi kufungua kisanduku cha getini nikakuta sisimizi wamejenga juu ya vituo vya kitufe, udongo wenye unyevu umeunganisha nyaya mbili, na betri imekwisha kwa sababu kwa chipu kitufe kilikuwa kimebonyezwa wiki nzima.

Kabla ya kwenda Luthuli Jumamosi, pima kwa hatua kutoka geti hadi sebuleni, angalia waya wa stima unapita wapi, na muulize mama yako akae anapokaa jioni huku ukimpigia toni za simu za juu na za chini uone zipi anazigeukia. Niandikie hapa umbali na alichosikia, nikupe thamani za rezista za mahali penu.